Sironka, Ndoo

Karatu, Jumapili 3 Juni 1984

Daftari hili ni la maandalio ya somo la Kiswahili, darasa la nne, na mkaguzi akilikuta hivi nitajieleza. Lakini tangu Machi karatasi hazipatikani Karatu, na nisipoandika mahali nitaanza kusema peke yangu, walimu wenzangu wapate la kutafuna.

Masika yametupita. Badala ya mvua tumeletewa ukungu. Unashuka kutoka msitu wa kreta ya Ngorongoro kila saa kumi na mbili jioni na kuingia hadi uvunguni mwa kitanda. Mahindi yamekauka yakiwa yamesimama.

Mama yuko kwangu tangu mwaka jana. Ng'ombe wake walikwisha kule Enguserosambu, macho yakaanza kuingia giza, daktari akataka awe karibu. Hapendi nyumba ya bati. Anachopenda ni mlango wake. Jioni, saa ambayo kule nyumbani ng'ombe wangekuwa wanaingia bomani, anasimama mlangoni, anachovya majani kwenye kikombe cha maziwa, ananyunyiza nje mara nne, kisha anamtajia Enkai, Mungu wetu, watoto wake: Nareyu. Sintamei. Sironka.

Nareyu ni mimi, Sintamei ni dada yangu aliyeolewa Samunge. Mama alizaa watano. Wawili hawataji, na mimi siwaandiki. Kwetu Wamaasai mtu akifa, jina lake linalazwa naye. Halitamkwi tena nyumbani, halipewi mtoto mwingine, na anayelitamka kwa kusahau hutema mate akaomba radhi, maana jina likiitwa mwenyewe husikia.

Kwa hiyo kila jioni nasikiliza jina la tatu. Kaka yangu Sironka alikwenda Mombasa mwaka 1975 kukwangua kutu na kupaka rangi manowari. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa, barua zikawa za bahati nasibu, na tangu 1979 haijaja hata moja. Mama akishasema "Sintamei" husita. Zamani alisita kidogo tu. Jana nilitoka jikoni na mwiko mkononi kuhakikisha bado yuko pale.

Jumamosi 9 Juni

Ukungu. Sabuni hakuna. Likizo yangu imekubaliwa.

Alhamisi 14 Juni

Amekuja baba mdogo, mzee Senteu, kwa lori la mahindi ya msaada. Alikunywa chai isiyo na sukari, akamwambia mama yale aliyotumwa na wazee. Miaka mitano bila barua ni mingi. Mtu hawezi kuachwa hewani. Tunyoe nywele, jina lilale, watu wapumzike.

"Umemwona amelala?" mama akamwuliza.

"Sijamwona."

"Basi utamlazaje mtu ambaye pengine amesimama?"

Mzee Senteu ana hoja kwa kila jambo, lakini kwa hilo alitafuta kofia yake. Lori lilipoondoka mama akaniita nikae chini, miguuni pake.

"Mpaka umefunguliwa," alisema. "Wewe una likizo. Nenda huko kwenye meli, kaniletee jina la mwanangu. Kama ni la kuitwa, niliite vizuri. Kama ni la kulala, lilale. Huku kusita kutaniua."

Mimi nilipanga likizo ya kulala. Miaka sita sijatoka Karatu, nilitaka nilale mpaka jua lifike dirishani na nisisikie "shikamoo mwalimu" ya mtoto yeyote. Nimekasirika jioni nzima na bado sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano 20 Juni

Bernadina, mwalimu wa darasa la kwanza, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ndiye atakayekaa na mama. Ni mtu wa kijiji cha Buger, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuruka siku. Nimemweleza mapema mambo ya majina, asije akaropoka. Akacheka.

"Mwalimu, nyie mnawatupa watu wenu. Mwanangu wa tatu ni Clemensi, jina la marehemu baba. Nikimwita mtoto, namkumbuka mzee."

"Kwetu ungekuwa unamwita mzee."

"Na akija?" akauliza, bado anacheka.

Nimeitafuta picha ya mwisho aliyotuma Sironka. Amevaa ovaroli, na nyuma yake kuna ubavu wa meli ya kijivu uliojaza picha yote, mbingu haionekani. Mgongoni mwa picha ameandika: Likoni, ng'ambo ya feri, uliza kwa Mzee Shee muuza mkaa.

Alhamisi 28 Juni

Naondoka kesho. Leo mama aliposita nilihesabu mpaka kumi na saba.

Mombasa, Jumapili 1 Julai

Siku tatu njiani. Vumbi hadi Arusha, vumbi hadi Taveta, na kutoka hapo joto. Pale Holili afisa alisoma karatasi yangu, palipoandikwa sababu ya safari. "Likizo. Unakwenda kupumzika?" Nikasema nakwenda kupumzika. Akanitazama, mwanamke mmoja, sanduku moja, akapiga mhuri.

Nimefika siku ya Idi. Watoto wamevaa nguo mpya, mji unanuka udi na mafuta ya kukaanga. Madirisha ya maduka yamejaa sabuni za rangi nne, na nilisimama mbele ya dirisha moja mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Bandarini kuna manowari tatu. Nilidhani zitakuwa na kelele, kumbe zimekaa kimya kabisa, na mwanga wa jua hauzing'arishi. Ubavuni mwa moja mtu mdogo amening'inia kwa kamba akipaka rangi. Kutoka nilipokuwa sikuona kamba, nilimwona yeye tu. Nilimtazama mpaka nikachoka kungoja ageuke.

Jumatatu 2 Julai

Nimevuka Likoni kwa feri. Mzee Shee yupo, mkaa upo, kila kitu kiko kama kilivyoandikwa. Nikauliza: "Mzee, namtafuta Sironka."

"Sironka?" akasema, hata hakuinua kichwa. "Yuko. Hajambo kabisa. Nyumba ile ya mlango wa buluu. Lakini wamekwenda kula Idi Mtwapa. Mama Sironka alisema warudi Ijumaa."

Nilikaa juu ya gunia la mkaa bila kukaribishwa. Jina limetamkwa mchana kweupe, barabarani, na hakuna aliyetema mate. Kwa hiyo yu hai. Gauni langu jeupe limeharibika na sikujali.

Njiani nikirudi ndipo nilipojiuliza, Mama Sironka gani? Mama Sironka yuko Karatu, mlangoni. Nikajijibu kwamba ni mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyemfanya mwanawe. Watu wa pwani ni wakarimu kwa majina. Nilitaka kupiga simu ya maandishi nyumbani leo hii, lakini posta ilifungwa kwa sikukuu.

Jumatano 4 Julai

Nimeamua kuwa mtalii, kama wale wanaopita Karatu wamejifunga vitambaa vichwani. Nimeingia ngomeni. Nimegusa mizinga. Kwenye ukuta mmoja kuna meli zilizochorwa na mabaharia wa zamani, vyombo vya vita vyenye matanga na bendera. Mwongozaji alisema hakuna ajuaye walikuwa akina nani. Wazungu waliguna kwa huzuni. Mimi niliona wamelala vizuri.

Mchana nikajikuta tena Likoni. Sikuwa na kazi huko, nilitaka tu kulisikia jina. Ukilitaja tu unapewa zaidi ya ulichoomba. Muuza mihogo: "Sironka huyo, honi ya feri ikilia hakamatiki, mbio pwani kutazama manowari." Fundi cherehani: "Amekua, hutamjua." Kaka yangu ana miaka thelathini na minne. Amekua wapi? Nikasema moyoni, amenenepa, wali wa nazi huo.

Kisha mama mmoja aliyekuwa ananipa maji akaniuliza Sironka ni nani wangu. Nikasema ni kaka yangu, tumbo moja. Mkono wenye kikombe ukarudi nyuma.

"Kaka yako?"

"Kaka yangu."

Akanitazama kwa muda mrefu, uso wangu, nywele zangu, viatu vyangu. "Mngoje Mwanatumu," akasema, na akaingia ndani akafunga mlango, pamoja na maji yangu.

Alhamisi 5 Julai

Niliapa nisiende Likoni leo. Nimekwenda. Mlango wa buluu bado una kufuli. Nje wameacha ndoo ya maji, imefunikwa kawa.

Ijumaa 6 Julai

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiruka sitarudi.

Jua lilikuwa linatua. Nilisimama ng'ambo ya njia, kwa Mzee Shee. Kufuli halikuwapo na mlango wa buluu ulikuwa wazi. Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikaita: "Sironka, ndoo."

Nikacheka peke yangu. Mtu katoka safarini, hata hajavua viatu, mke anataka maji. Na ndoo ile hapa nje. Nikavuka njia, nikaiokota ndoo kwa mshikio wake. Nilifikiri atatoka kuifuata anikute mimi nimeishika, dada yake, miaka tisa, na tutacheka hata kabla ya kusalimiana. Nilifurahi namna ambayo sasa naona aibu kuiandika.

"Sironka, ndoo," sauti ikarudia. Hakuna aliyeitika. Nikasubiri nisikie hatua nzito ndani ya nyumba. Hapakuwa na hatua. "Sironka. Sironka, ndoo." Jina linaitwa na mwenye jina hatoki, na mimi hapo mlangoni na ndoo.

Ndipo miguu midogo ikaja mbio nyuma yangu kutoka upande wa feri. Mtoto wa miaka kama minne akapita chini ya kwapa langu, akaingia ndani, akasema, "Naja, mama." Alipogeuka kunitazama niliona masikio ya kaka yangu.

Kwa watu wa Mombasa, "ndoo" ni "njoo". Mimi mwalimu wa Kiswahili wa miaka kumi na mmoja.

Mwanatumu akatoka, mwanamke mrefu, unga mikononi. Alinitazama, akaitazama ndoo, akaanza kulia kabla sijajitambulisha. "Una uso wake," alisema.

Yeye na kaka yangu walioana 1978. Kaka alisilimu, akaitwa Saidi, lakini jina hilo halikumshika, mtaa mzima ulimwita Sironka. Januari mwaka 1980 alikuwa amening'inia ubavuni mwa meli akipaka rangi, akaanguka kwenye maji. Mtoto alizaliwa Aprili. "Nilimpa la babake," Mwanatumu aliniambia, "lisipotee." Aliandika barua tatu za msiba, na juu yake aliandika: Kwao Sironka, Ngorongoro. Labda ziko mpaka leo katika sanduku fulani, zinangoja mtu anayeitwa Kwao.

Watu wote niliowauliza walinijibu ukweli. Walikuwa wanamsema mtoto.

Nilimwomba Mwanatumu asilitaje jina. Hakukasirika, alishangaa tu. "Sasa mwanangu nimwiteje, wifi?"

Jumapili 8 Julai

Nimepelekwa kaburini. Mahali safi, chini ya michikichi miwili. Mtoto alinishika kidole njia nzima. Amekula ubwabwa mkononi mwangu. Anatumia mkono wa kushoto, na mama yake amechoka kumkanya.

Nimejaribu kumwita. Siwezi. Nasema "wewe".

Magharibi Mwanatumu anasimama mlangoni na kuita. Leo nilitazama saa. Ni saa ileile. Huku anaitwa mtoto, kule Karatu anaitwa kaka yangu, kwa jina moja, kwa dakika moja. Nilipolifikiria hilo sikuweza kumaliza chakula.

Karatu, Jumatano 11 Julai

Mama alikuwa mlangoni. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosi, na mikono yake haikutoka. Ikashuka usoni kwangu, kwa sababu macho hayamtoshi.

"Umemwona?"

Nilikuwa na maneno tayari. Nimeyarudia kutoka Voi mpaka Makuyuni. "Nimemwona," nilisema.

"Anakula?"

"Anakula wali. Amekula mkononi mwangu."

"Na jina?"

Vidole vyake vilikuwa kwenye midomo yangu. "Wanaliita kila siku, yeyo," nilisema, yaani mama kwa lugha yetu. "Mtaa mzima wanaliita."

Sikusema neno hata moja la uongo, na sijawahi kudanganya hivyo maishani. Jioni mama hakusita. Nareyu, Sintamei, Sironka, akasema haraka, kama mtu ashukaye mlima wa kwao. Bernadina alipiga makofi upande wa pili wa ukuta.

Jumanne 17 Julai

Shule imefunguliwa, watoto arobaini na wanane, chaki sita. Mama ameongeza neno. Sasa anasema: "Sironka, wou." Kwa Kimaasai, njoo. Mpaka umefunguliwa na yeye ni mzima, kwa nini asije?

Jumatatu 23 Julai

Ukungu mzito. Ameita mara tatu.

Jumatatu 30 Julai

Bernadina alinikamata pembeni ya chumba cha walimu. "Mwalimu, mama yako ana furaha, namshukuru Mungu. Lakini akishaita ananyamaza, anasikiliza, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Huyo kaka yako anakuja lini?"

Nikasema kazi za bandarini hazina ratiba. Aliniangalia kwa macho ya mwalimu anayejua alama za mtihani zilizobuniwa. Siku hizi anamwingiza Clemensi wake ndani kabla ukungu haujafika uwanjani, na hacheki.

Mimi najiambia nitamweleza mama wikiendi. Nimejiambia hivyo wikiendi mbili.

Alhamisi 9 Agosti

Barua kutoka Mombasa. Nilipewa na karani wa posta saa kumi na mbili na robo, nikaisomea barazani pale.

*Wifi yangu Nareyu, salamu. Mtoto si mzima. Tangu wiki ile ulipoondoka, magharibi ikifika homa yampanda. Huinuka akaenda mlangoni. Mara mbili wamemkamata penye gati la feri, maji yamfika magotini. Nikimwuliza waenda wapi hunambia, yeyo yuwanita. Neno hilo sikumfunza. Nikamwuliza yeyo ni nani, akanambia ni yule wa kwenye baridi. Nimempeleka kwa maalimu, amesomewa, kombe amekunywa. Wifi, nijibu kwa haki ya Mungu. Huko kwenu mwamwita?*

Barua ina tarehe ya 25 Julai. Imekaa njiani wiki mbili, na kila jioni ya wiki hizo mbili mama ameita.

Labda neno "yeyo" nililitamka mimi mbele ya mtoto. Labda. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshaanza kukimbia, mwalimu mzima, viatu mkononi, wanafunzi wangu wakiniona. Ukungu ulikuwa umefika kanisani. Nilipoingia uwanja wa nyumba za walimu mama alikuwa mlangoni, majani yanadondoka maziwa. "Nareyu," alisema. "Sintamei."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Hakuna mtoto kwetu anayemfanyia mama yake hivyo.

"Yeyo, usimwite."

Aliutoa mkono wangu polepole. "Nisimwite nani?"

Nilifungua kinywa, nikatambua kwamba sina haja ya kusema lolote. Mama alisubiri jina. Alisimama na kikombe chake akisubiri nilitaje, jina ambalo mwezi mzima nimelisema katika nyumba hii bila shida, na mimi sikulitaja. Ukungu ukapita katikati yetu ukaingia ndani. Niliona uso wake unaanza kujua, kwanza mdomo, kisha mengine.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa themanini. Mwanzoni."

"Na uliyemwona?"

"Mtoto wake, yeyo. Mvulana. Wamempa jina lake."

Alikaa kizingitini. Nilingoja anipige, anilaani, nilikuwa nimevistahili vyote viwili. Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu kama kina kitu bado.

"Basi ni nani amekuwa akiniitikia?" alisema.

Sikumwelewa. Nikamwuliza, anaitika vipi.

"Anasema, yeyo, naja. Kwa Kiswahili. Sauti ndogo, kama mtu mwenye maji mdomoni. Nilidhani ni umbali."

Ijumaa 10 Agosti

Tumenyoa. Bernadina alishika beseni bila kuuliza kitu, nadhani kila mtu hapa anajua sasa. Mama amevua hereni na mikufu, akanipa nifunge kwenye kitambaa. Nimemsomea barua yote. Aliuliza swali moja: mtoto alifika kwenye maji mara ngapi? Nikasema mbili.

"Ningemzamisha," alisema. "Kwa mapenzi."

Nilimwambia kosa ni langu. Hakukataa.

Jumatatu 13 Agosti

Mama ametaja majina mawili, akaingia ndani. Tumekula. Hajanisemesha.

Jumatano 22 Agosti

Baridi. Mama amenisemesha. Kasema chumvi imezidi.

Ijumaa 31 Agosti

Barua ya pili. Naandika ilivyo, isipokuwa pale ambapo siwezi.

*Wifi, mtoto amepona. Tangu Alhamisi ile ya tarehe tisa homa haikurudi, na feri haitaki hata kuitazama. Nashukuru. Lakini jina haliitikii. Nampigia ukelele mlangoni,* hapa ameandika jina, *ndoo, na yeye yuko hapo hapo achezea vifuniko vya soda, anitazama kama namwita mtoto wa jirani. Mzee Shee alimwuliza, kwani wewe si fulani? Akamjibu, huyo kalala. Wifi, nimekasirika nanyi. Mume nilizika. Lililobaki kwangu lilikuwa jina lile, nililiita kila siku. Mumelifanyani?*

Niliisoma mara mbili na kila mara nilitaka kujitetea, na kila mara nikakosa pa kuanzia. Tumelilaza jina kwa heshima zote, na kule mwanamke amefiwa mara ya pili.

Nikamsomea mama. Pale penye jina nilinyamaza. Chai ikapoa. Kisha akaniuliza mambo ya mtoto, kwa mara ya kwanza. Ana masikio ya nani? Anapenda maziwa? Anatumia mkono upi? Nilipomwambia wa kushoto alisema "Ee," akaukunja mkono wake wa kushoto mapajani.

"Mtoto hawezi kukaa bila kuitwa," alisema. "Asiyekuwa na jina huitikia chochote. Mwandikie mama yake. Mwambie namwomba radhi. Mwambie bibi yake wa kwenye baridi anampa mtoto jina jipya, Tajewo, kama yeye atakubali."

"Na asipokubali?"

"Basi achague yeye. Ni mwanawe. Aniambie tu ni lipi, nimtajie Enkai."

Nimeandika. Nimemweleza Mwanatumu yote, hata yale ya "umemwona" na "nimemwona", na sikujipamba. Kwenye bahasha nilikwama, maana Likoni nzima wanamjua kama Mama fulani. Nimeandika: Mwanatumu, mlango wa buluu, kwa Mzee Shee muuza mkaa.

Barua kwenda Mombasa ni wiki mbili. Kwa wiki hizo mbili kuna mtoto wa miaka minne, karibu na maji, asiye na jina kule wala huku, na kila siku ina magharibi yake. Tumekubaliana na mama kwamba saa ile tusitaje mtu, hata sisi wenyewe tusiitane. Leo ni jioni ya kwanza. Mlango nimeufunga saa kumi na mbili kamili, na Bernadina nimemwomba naye asimwite Clemensi.